Gegedu na amri zake: kwa nini mtoto hurefuka, na kwa nini mwingine hubaki mfupi

Ukila kuku wa kizungu, yule anayechinjwa akiwa na wiki sita hivi, utaona kuwa ncha za mifupa yake zinatafunika. Ni nyeupe, laini, zina mng'aro kidogo, na watoto huzigombania mezani. Kuku wa kienyeji aliyekwishataga miaka miwili ni kazi nyingine. Ukiing'ata ncha ya mfupa wake kwa pupa unaweza kuacha jino pale. Kitu kile cheupe ndicho gegedu, na tofauti baina ya kuku hao wawili ndiyo habari tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu leo. Kuku wa wiki sita alikuwa bado anakua. Yule mkongwe alishamaliza.

Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo, isipokuwa sisi tunachukua muda mrefu zaidi. Na lipo jambo lililotufanya tukalitafuta suala hili hadi ndani ya vitabu, ingawa sisi si madaktari. Katika harusi moja ya Waswahili huku ugenini tulikaa meza moja na wazazi waliokuwa na binti wa miaka minne. Mikono na miguu yake ilikuwa mifupi, paji la uso limejitokeza, na alikuwa akikimbizana na wenzake ukumbi mzima bila wasiwasi wowote. Wazazi walipoinuka kwenda kupiga picha na maharusi, maneno yakaanza. Mmoja akasema mama yake alimcheka mtu mfupi wakati wa ujauzito. Mwingine akasema upande wa mama kuna jambo linafichwa. Wa tatu, tena kwa sauti ya huruma, akatuarifu kuwa mume ameshashauriwa na ndugu zake nyumbani aoe mke mwingine ili apate watoto "wazima".

Tulinyamaza siku ile, na tunakiri tulikosea. Makala haya ndiyo jibu ambalo tungepaswa kulitoa pale mezani.

Tuanzie tumboni. Mifupa mingi ya mwili wetu haikuanza ikiwa mifupa. Mimba inapofikia wiki ya 5 au ya 6, mikono na miguu ni vichipukizi vidogo tu. Ndani ya vichipukizi hivyo seli husogeleana, zikabanana, kisha zikageuka kuwa gegedu lenye umbo la mfupa utakaokuja baadaye. Ni kama fundi anayetengeneza kwanza kalibu, halafu ndiyo akamimina zege.

Lakini nani anaziambia seli hizo zigeuke? Hapo ndipo tunapokutana na protini. Wengi wetu tukisikia neno protini tunafikiria maharage, samaki na mayai. Ni kweli, lakini ndani ya mwili protini hufanya pia kazi ya tarishi. Seli moja huitengeneza protini na kuitoa nje, protini husafiri hadi kwa seli ya jirani, hujibandika kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli hiyo, na seli iliyopokea hubadili mwenendo wake: igawanyike, ivimbe, isimame, au ife. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu ndani yake, kwa hiyo ujumbe hupenya taratibu kutoka seli hadi seli, mithili ya habari inayopita mtaani nyumba kwa nyumba.

Kundi moja la matarishi hao hujulikana kwa ufupisho wa BMP. Aliyetufungulia mlango wa kulijua ni daktari wa mifupa wa Los Angeles, Marshall Urist. Mwaka 1965 alieleza jinsi alivyochukua vipande vya mfupa, akaviondolea madini yote, akavipandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Katikati ya nyama, mahali ambapo mfupa hauna kazi, mfupa mpya ukaota, tena kwa mpango ule ule wa tumboni: gegedu kwanza, mfupa baadaye. Urist akakata shauri kuwa ndani ya vile vipande kulikuwa na kitu kinachotoa amri, na miaka zaidi ya 20 ikapita kabla ya jeni za protini hizo kupatikana. Protini nyingine, SOX9, hukaa ndani ya seli yenyewe na kuwasha jeni za kutengeneza gegedu. Mwaka 1994 ilibainika kuwa mtoto ambaye nakala moja ya jeni hiyo ni mbovu huzaliwa na mifupa iliyopinda, na wengi wao hufariki mapema kwa shida ya kupumua, kwani hata njia ya hewa hushikiliwa wazi na gegedu.

Kuna swali ambalo pengine msomaji hajawahi kujiuliza. Ikiwa gegedu la mguu linaanza likiwa kipande kimoja kirefu, goti linatoka wapi?

Jibu ni kuwa goti hukatwa humo humo. Mahali ambapo kiungo kitakaa, seli hulala bapa, huacha kuwa gegedu, na huanza kutoa protini iitwayo GDF5. Hapo hapo hujitokeza protini nyingine, Noggin, ambayo kazi yake ni kuzikamata zile BMP na kuzifunga midomo. Mwaka 1998 wanasayansi walichapisha habari za panya waliozaliwa bila Noggin. Gegedu lao lilikua kupita kiasi, na viungo havikujitenga. Unaweza kusema kwamba kiungo ni mahali palipoamriwa pasiwe mfupa, na amri hiyo isipofika, mtu angekuwa na kidole kisichokunjika.

Hii GDF5 tunaomba msomaji aikumbuke, maana inamhusu bibi yake pia. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kuwa watu wenye tofauti ndogo kwenye sehemu inayodhibiti jeni hiyo hupatwa zaidi na ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti wakiwa wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukaongeza kuwa tofauti za jeni hii zinazopunguza kidogo urefu na kuongeza hatari hiyo ni za kawaida sana kwa watu wa Ulaya na Asia, lakini ni adimu Afrika. Bibi zetu wa Tanga na Lamu wasifurahi haraka, kwa sababu uzito, umri na kazi ngumu huharibu magoti bila kungoja jeni.

Sasa turudi kwenye kurefuka. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya gegedu la mifupa mirefu imeshageuka mfupa. Linalobaki ni la ncha zenyewe, pamoja na tabaka jembamba karibu na kila ncha, ambalo sisi tutaliita bamba la ukuaji. Urefu wote wa mikono na miguu ya mtoto hutoka humo. Bamba lenye kazi kubwa kuliko yote ni lile la mwisho wa chini wa mfupa wa paja, juu kidogo ya goti, ambalo peke yake huongeza karibu sentimita 1 kila mwaka.

Ukilitazama bamba hilo kwa hadubini utaona seli zimepangwa safu safu kama sarafu zilizobebanishwa. Upande wa ncha kuna seli zilizotulia, ambazo ni akiba. Zinazofuata hugawanyika kwa kasi na kujipanga. Zinazofuata tena huacha kugawanyika na kuvimba, zikaongezeka ukubwa mara kadhaa, hata mara kumi. Uvimbe huo ndio hasa unaousukuma mfupa uwe mrefu. Baada ya hapo nyingi hufa, nyingine hugeuka seli za mfupa, mishipa ya damu huingia, madini hujikusanya, na palipokuwa gegedu pamekuwa mfupa. Nyuma yao foleni inaendelea kusogea.

Tatizo la foleni yoyote, na aliyewahi kupanda daladala Kariakoo saa 11 jioni anajua, ni kwamba wote wakisukuma kwa pamoja hakuna anayefika. Seli zote zikivimba mara moja, akiba inakwisha na mfupa unasimama ukiwa mfupi. Kwa hiyo wapo matarishi wawili wa kuipanga foleni. Seli zinazokaribia kuvimba hutoa protini iitwayo Indian hedgehog. Ujumbe huu hupenya hadi kwenye ncha ya mfupa, na huko seli hujibu kwa kutoa protini ya pili, PTHrP, ambayo hurudi ikiziambia zile zilizo nyuma: "Bado, endeleeni kugawanyika, msivimbe." Seli zilizo mbali na ncha hazisikii vizuri ujumbe huo wa pili, kwa hiyo zenyewe huvimba, na zikianza safari hiyo hutoa Indian hedgehog. Mzunguko unaanza upya. Walio mbele ndio wanaowazuia walio nyuma wasiharakishe. Mzunguko huu ulielezwa mwaka 1996 na watafiti wa Boston. Miaka miwili kabla yake walishazalishwa panya wasio na PTHrP. Mifupa yao iliiva kabla ya wakati, miguu ikawa mifupi, na walikufa mara tu walipozaliwa.

Jina la tarishi huyo wa kwanza lina kisa chake. Hedgehog ni yule mnyama mdogo wa miiba, kalunguyeye. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walikuwa wanaharibu jeni za inzi wa matunda moja baada ya nyingine ili kuona kitakachotokea. Jeni moja ilipoharibika, buu alitoka mfupi, amejaa vijimiiba mwili mzima, nao wakamwita kalunguyeye. Waliitwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Baadaye ilipogundulika kuwa wanyama wenye mifupa wana jeni za ukoo huo huo, baadhi zikapewa majina ya aina za kalunguyeye, na ile ya mifupa ikaangukia yule wa India. Mwaka 2001 ilithibitika kuwa kasoro ya jeni hiyo ndiyo huwafanya baadhi ya watu wazaliwe na vidole vifupi, kizazi hadi kizazi. Vidole vya aina hiyo vilishaelezwa na Mmarekani William Farabee tangu mwaka 1903, kwenye ukoo mmoja wa Pennsylvania, na ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza kuonyeshwa kuwa sheria za urithi alizozigundua Mendel kwa mbegu za njegere zinamhusu binadamu.

Mpaka hapa tumezungumzia amri za kusonga na za kungoja. Ipo pia breki. Breki hiyo ni kipokezi kilicho kwenye seli za bamba la ukuaji, kiitwacho FGFR3. Protini za ukoo wa FGF zikikigusa, kipokezi huamka na kuiambia seli ipunguze mwendo wa kugawanyika na kuvimba. Kwamba ni breki kweli ilithibitishwa mwaka 1996, pale panya walionyimwa FGFR3 waliporefuka mifupa kuliko kawaida. Wafugaji wa kondoo wa Suffolk walikuwa wakiuona muujiza huo miaka mingi bila kuujua. Baadhi ya kondoo wao huzaliwa na miguu mirefu iliyojipinda, wakawabandika jina la buibui. Mwaka 2006 ikajulikana kuwa kondoo hao wana FGFR3 isiyofanya kazi.

Yule binti wa harusini ana kinyume chake. Breki yake imekwama ikiwa imekanyagwa.

Hali hiyo madaktari huiita akondroplasia, na ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya kimo kifupi kisicholingana, yaani kiwiliwili cha kawaida na mikono na miguu mifupi. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 25,000, katika mataifa yote na rangi zote. Wanaume wenye hali hii hufikia wastani wa sentimita 131, wanawake 124. Si jambo jipya duniani. Katika jumba la makumbusho la Cairo ipo sanamu ya Seneb, afisa mkubwa wa enzi za Mafirauni zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ameketi ubavuni mwa mkewe, na watoto wake wawili wamesimama pale ambapo miguu yake ingekuwa kama angekuwa mrefu. Mchongaji alijua anachokifanya.

Mwaka 1994 chanzo kilipatikana, na karibu kwa wakati mmoja, na watafiti wa Marekani na wa Ufaransa. Protini ya FGFR3 ni mnyororo wa vipande zaidi ya 800. Kipande cha 380 kinapaswa kuwa glaisini, lakini kwa watu wenye akondroplasia kimekuwa ajinini. Ni hicho tu, herufi moja ya jeni imebadilika. Na la kushangaza zaidi, mtoto wa Kijapani, wa Kinorwe na wa Kizaramo wenye hali hii karibu wote wana kosa hilo hilo, mahali pale pale. Hakuna laana inayojua kuhesabu hadi 380 kila mara bila kukosea.

Tufike sasa kwenye maneno ya pale mezani. Watoto 8 kati ya kila 10 wenye akondroplasia huzaliwa na wazazi wenye urefu wa kawaida, ambao hawana jeni hiyo. Badiliko hilo ni jipya, limetokea kabla tu ya mimba kutungwa. Watafiti walipochunguza limetokea upande upi, walikuta kuwa karibu mara zote ni kwenye mbegu za baba, na uwezekano wake huongezeka kadiri baba anavyozidi umri, hasa akivuka miaka 35. Sababu ni kwamba seli zinazozalisha mbegu za kiume hugawanyika maisha yote, na zile zenye badiliko hili huelekea kuzizidi nyingine taratibu. Mama aliyelaumiwa hakuhusika. Na baba naye asigeuziwe kibao, kwa kuwa hakuna alichokula, alichokunywa wala alichokitenda kikasababisha jambo hilo. Bahati hiyo ingemwangukia mwanamume yeyote. Ama ule ushauri wa kuoa mke mwingine, wasomaji wamekwishaona unavyokwenda kombo: kama kuna mtu ambaye kumbadilisha kungeleta tofauti yoyote, si mke. Wazazi hao wakizaa tena, uwezekano wa kupata mtoto mwingine wa namna hiyo ni mdogo sana, chini ya 1 katika 100.

Kwa mtu ambaye mwenyewe ana akondroplasia hesabu ni tofauti. Akioana na mtu wa urefu wa kawaida, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi. Wakioana wawili wenye hali hiyo, robo ya mimba hupata nakala mbili zenye kosa, na mtoto wa namna hiyo haishi muda mrefu. Ni jambo la kuzungumza na mshauri wa masuala ya urithi kabla ya kuzaa, na hospitali kubwa za nchi tunazoishi huwa na washauri hao.

Wazazi wenye mtoto wa aina hii wafahamu mambo mawili ambayo hayahusu urefu. La kwanza, tundu la chini ya fuvu ambapo uti wa mgongo unapita hutengenezwa pia na gegedu, na linaweza kuwa jembamba mno. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya hatari. Mtoto akiwa anakata pumzi usingizini, akikoroma sana au akilegea kuliko kawaida, ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. La pili ni mgongo. Misuli ya watoto hawa huchelewa kukaza, na madaktari hushauri wasikalishwe mapema bila egemeo wala kubebwa wakiwa wamejikunja. Kwa mila yetu hapo linaingia suala la mbeleko na kanga. Hatusemi mbeleko ni mbaya, sote tulikulia humo, lakini kwa mtoto huyu muulize daktari kwanza, na bibi aelezwe kwa upole sababu yake.

Je, breki iliyokwama inaweza kulegezwa? Hapo matarishi wetu wanarudi ulingoni. Mwili hutengeneza protini ndogo iitwayo CNP, ambayo ikijibandika kwenye kipokezi chake juu ya seli ya gegedu hukata njia inayopitisha amri ya FGFR3 humo ndani. Mwaka 2004 watafiti wa Kyoto, Japani, walionyesha kuwa panya wenye akondroplasia wakiongezewa CNP kwenye gegedu, mifupa yao hurefuka. Kikwazo kilikuwa kwamba CNP ya kawaida huvunjwa mwilini ndani ya dakika chache. Ikatengenezwa yenye umbile lililobadilishwa kidogo ili idumu zaidi, ikapewa jina la vosoritide. Majaribio ya watoto 121, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa waliodungwa dawa hiyo kila siku kwa mwaka mmoja walirefuka sentimita 1.57 zaidi ya wenzao waliodungwa maji matupu. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha Agosti 2021, na Marekani Novemba mwaka huo huo. Mwaka 2024 yakachapishwa pia matokeo ya awali ya kidonge, infigratinib, kinachokiziba kipokezi chenyewe.

Sentimita moja na nusu kwa mwaka, kwa sindano 365. Kuna wazazi wanaoona ni jambo kubwa, kwa kuwa sentimita hizo zikijumlishwa miaka kumi mtoto anaweza kuifikia swichi ya taa, kaunta ya benki, au kuendesha gari lisilofanyiwa marekebisho. Wapo pia watu wazima wenye kimo kifupi, hasa Marekani na Ulaya, wanaouliza kwa nini mabilioni yanatumika kuwarefusha badala ya kuishusha kaunta ya benki. Sisi tunaona hoja zote mbili zina uzito, na kwamba anayestahili kusikilizwa kwanza ni yule anayeishi katika mwili huo. Kwa ndugu zetu walioko nyumbani mjadala huo bado ni wa mbali. Bei ya dawa hii iliyotangazwa Marekani ni mamia ya maelfu ya dola kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na hakuna mshahara wa Dodoma wala Nakuru unaofika huko. Wanachoweza kukipata kwa gharama ndogo ni uchunguzi wa shingo na masikio, kiti cha shule chenye pa kuegemeza miguu, na majirani wanaofunga midomo.

Tusichanganye hali hii na matege. Wapo wazazi walioko Uingereza waliotuambia mtoto wao "amerithi miguu ya kupinda", kumbe ni upungufu wa vitamini D. Hapa amri zinakwama mwisho kabisa wa foleni. Seli zilizokwisha kuvimba zinahitaji madini ya fosfeti ili zife na kupisha mfupa. Vitamini D ikikosekana, kalsiamu na fosfeti hupungua katika damu, seli zile hukataa kufa, bamba la ukuaji hunenepa, mfupa unabaki laini na kupinda kwa uzito wa mtoto mwenyewe. Vifundo vya mikono huvimba. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole chini ya jua hafifu la Leicester au Minneapolis, na anayejifunika mwili, au anayekimbia joto la Muscat na kushinda ndani penye kiyoyozi, naye yumo hatarini ingawa jua limejaa nje. Serikali ya Uingereza inashauri mtoto anayenyonya maziwa ya mama apewe matone ya vitamini D, mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia mikrogramu 10 mwaka mzima. Matone hayo bei yake haifikii chakula cha mchana mtaani. Nyumbani Afrika jua si tatizo, lakini utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto wenye matege ambao kilichowapungukia ni kalsiamu, na wakapona walipopewa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu ya kutosha, na hawa hatuhitaji kuwaagiza nje.

Tumalizie na wale wanaotuandikia kuuliza kuhusu vidonge vya kurefusha vinavyouzwa kwenye intaneti, wengi wao vijana wa miaka 20 na kitu. Bamba la ukuaji halidumu. Wakati wa kubalehe, homoni ya estrojeni huongeza kasi ya foleni kisha huimaliza akiba, bamba lote likageuka mfupa. Wasichana wengi hufika hapo wakiwa na miaka 14 au 15, wavulana 16 au 17. Na si wasichana tu wanaofungwa na estrojeni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia homoni hiyo. Alikuwa na sentimita 204, na mifupa yake ilikuwa bado wazi, angali anarefuka. Huyo alikuwa mmoja. Kwa wengine wote, bamba likishafunga hakuna kidonge, unga wala mazoezi ya kuning'inia yatakayolifungua, kwa sababu hakuna seli iliyobaki ya kupokea amri.

Anayetaka kujua kama mwanawe bado ana nafasi asinunue kitu chochote kwanza. Picha moja ya eksrei ya mkono wa kushoto inatosha, na daktari wa watoto anajua kuisoma. Mistari myeusi karibu na ncha za mifupa ni gegedu ambalo bado halijageuka mfupa.